Gramu Tisa

Fort Portal, chumba cha tatu, dirisha halifungi vizuri.
Mvua ya Rwenzori huingia bila hodi
ikakilowesha kiunzi chetu pale pembeni,
kinachoning'inia kwa waya, kidole kidogo cha mguu hakipo.

Tulipoanza mwaka wa kwanza hakikuwa na jina.
Watooro wakakataa: asubuhi utamsalimuje
mtu asiye na empaako?
Wakampa Araali. Tangu hapo ni mtu.

Mimi ni Mkonzo, lakini Araali namjua kwa kumpapasa.
Mtulinga, mwembamba kama mpini wa mwiko.
Pingili za mgongo, nazishuka moja moja
kama ngazi ya nyumba ngeni, umeme umekatika.
Fupa la paja Sista Kemigisa aliligonga kwa rula,
likajibu *tok*.
"Hii ni kalisi na fosfeti," akasema,
"na safari za mtu tusiyemjua. Mshikeni kwa adabu."

Mifupa mia mbili na sita.
Mtoto huzaliwa nayo karibu mia tatu,
kisha inaungana, polepole, bila vigelegele.

Kemia nilidhani iko mbali, katika chupa za Kampala.
Kumbe.
Chuma kimo katika damu, cha kutosha msumari mmoja.
Shaba imo, ndugu wa ile aliyoichimba babu Kilembe
hadi mgodi ukafungwa, akabaki na kofia na kikohozi.
Kobalti nayo, chembe isiyoonekana, imejificha katika vitamini;
ikikosekana damu huchujuka kama chai ya tatu.
Potasiamu: matoke ya jana.
Na sodiamu.
Hapo niliweka kalamu chini.

Mama yangu, Biira, ana kitalu cha chumvi ziwani Katwe.
Huinama humo, miguu katika maji makali,
mpaka vidonda vinasahau kupona.
Karo yangu ni magunia. Dalali huchukua matatu,
hulipa mawili, husema barabara ni mbovu.

Sasa nasoma kwamba katika ukuta wa kila seli
yupo bawabu:
hutoa sodiamu tatu, huingiza potasiamu mbili,
usiku na mchana, hana likizo, hana posho,
na kwa hesabu hiyo ya hasara
neva zinaongea, moyo unapiga,
mkono huu unaandika.
Tatu kwa mbili! Nikacheka peke yangu.
Kobusinge, kitanda cha juu, akadhani nimepata mchumba.

Mei, wodi ya watoto, zamu ya usiku.
Bwambale, miezi kumi na minne, kuhara siku ya tatu.
Macho yamezama. Utosi umebonyea.
Nilifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama
kama shuka lililosahaulika kukunjuliwa.
Alilia, lakini kavu: mdomo wazi, mashavu hayana kitu.

Mshipa ulitafutwa mkononi, mguuni, kichwani.
Haupo.
"Chini ya goti," daktari akasema, "katika muundi."
Nikamkumbuka Araali, mkavu, mtupu,
nikasahau kuwa mfupa wa aliye hai una uboho,
una damu, una njia.
Sindano ikaingia kwa kishindo kidogo
nilichokisikia kwenye meno yangu.

Nikatundika chupa. Nikasoma maandishi, maana tumefunzwa kusoma:
sodiamu kloridi, gramu tisa katika lita.
Gramu tisa. Mama huzikung'uta kwenye kanga
akirudi nyumbani.

Sikusema kitu. Nilihesabu matone.

Saa kumi na moja na robo Bwambale alilia tena,
na safari hii shavu likalowa.
Sista akaligusa kwa kidole. "Andika."
Nikaandika: *machozi yapo.*

Kulipopambazuka nikampigia mama nimsimulie.
Akauliza kama nimekula,
na huko mjini chumvi wanauza bei gani.